KIFARANSA KATIKA SHULE ZETU: NI AMANA AU NI PAMBO LA KIBAONI?

Sifa zote njema anastahiki Allah Mtukufu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu na akampa ulimi wa kubainisha yaliyomo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika baraza za misikiti yetu ya Handeni na Korogwe kuna jambo linalowagawa watu wazima wenye akili na ucha-Mungu. Je, yafaa shule za Kiislamu, zinazoendeshwa kwa michango ya waumini na karo za wazazi, zifundishe Kifaransa? Swali hili linawahusu hasa watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili, umri ambao wazee wetu wa zama za mkoloni waliuita umri wa shule ya kati.

Kundi la kwanza linasema hapana. Kifaransa, kwa maoni yao, ni lugha ya dola iliyoupiga vita Uislamu, na kila saa atakayoitumia mtoto wetu katika lugha hiyo ni saa iliyoibwa kutoka katika Qur'an na Kiarabu. Kundi la pili linasema ndiyo, tena kwa haraka: tuandike "Kifaransa" kwenye kibao cha shule, wazazi wataona tumeendelea, wanafunzi wataongezeka, na shule itasimama sawa na zile za miji mikubwa.

Makala hii inasema kuwa makundi yote mawili yamekosea. La kwanza linaitazama Ufaransa, la pili linautazama mfuko, na hakuna kati yao linalomtazama mtoto anayekaa darasani. Msimamo wetu ni huu: Kifaransa ni halali, kina manufaa kwa Umma wa sehemu hizi, na kinafaa kufundishwa, lakini shule isiyoweza kukifundisha kwa dhati haina haki ya kukitangaza. Afundishaye kwa jina tu amekula amana.

LUGHA HAINA DINI, WENYE DINI NI WATU

Tuanze na ndugu zetu wanaokataza. Tunaiheshimu ghera yao, kwani ghera ni katika imani. Lakini ghera isiyoongozwa na dalili humfikisha mtu asipopakusudia.

Dalili iko wazi. Imepokewa katika vitabu vya Sunan, kwa Abu Daud na Tirmidhi, kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili amsomee barua zao na kumwandikia majibu, kwa kuwa hakuwaamini katika jambo hilo. Zayd akajifunza kwa muda wa nusu mwezi hivi. Tuzingatie mambo matatu katika tukio hili. Kwanza, lugha ile ilikuwa ya watu walioufanyia Uislamu uadui, na uadui huo ndio uliokuwa sababu ya kujifunza. Haukuwa sababu ya kujizuia. Pili, Zayd alikuwa kijana mdogo; imepokewa kuwa Mtume alipohamia Madina yeye alikuwa na umri wa miaka 11 tu, yaani umri wa hawa hawa watoto tunaobishana juu yao. Tatu, nalo ndilo kubwa zaidi, ni Zayd huyu huyu aliyekabidhiwa na Abu Bakr (R.A.) kazi ya kuikusanya Qur'an, kisha akakabidhiwa tena wakati wa Uthman (R.A.) kazi ya kuinakili misahafu. Yule aliyejifunza lugha ya wageni ndiye aliyeaminiwa kuliko wengine katika kukihifadhi Kitabu cha Allah. Ni nani basi atakayesema kuwa lugha ya kigeni humwondoa kijana katika Qur'an?

Tena Allah Mtukufu katika Suratu Rum amezitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Hakubagua humo lugha ya waumini na lugha ya makafiri. Kiarabu chenyewe, lugha ya Qur'an, ndicho alichokitumia Abu Jahl kuwatukana Waislamu. Kiingereza wanachosoma watoto wetu tangu shule ya msingi ni lugha ya mkoloni aliyetutawala hadi mwaka 1961. Mbona hatukusikia kikikatazwa mimbarini? Kama ubaya wa dola unaiharamisha lugha yake, basi tufunge shule zetu zote za sekondari kesho asubuhi, kwa kuwa ndani yake hufundishwa kwa Kiingereza.

Hatusemi haya ili kuifutia Ufaransa makosa yake. Iliikalia Algeria kwa mabavu tangu mwaka 1830 hadi 1962. Mwaka 2004 ilipitisha sheria iliyowavua wasichana wa Kiislamu hijabu katika shule za serikali, na mwaka 2023 ikapiga marufuku abaya katika shule hizo hizo. Hayo hayafichiki. Lakini hebu tuwaangalie Waislamu walioishi chini ya mkono huo, tuone walifanya nini.

Nchini Algeria, Sheikh Abdulhamid bin Badis alishirikiana na wenzake kuunda Jumuiya ya Maulamaa mwaka 1931. Wakafungua shule za Kiarabu nchi nzima, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikatoa amri ya kuzibana shule hizo kwa masharti ya vibali. Walichopigania maulamaa wale ni Kiarabu kisinyang'anywe nafasi yake. Katika nchi hiyo hiyo akatokea Malik bin Nabi, ambaye katika miaka ya 1940 aliandika kitabu kizima kwa Kifaransa kuitetea Qur'an, akiwakusudia vijana wa Kiislamu waliosomeshwa na Wafaransa wakaanza kuitilia shaka. Kama asingeijua lugha ile, nani angewafikia vijana wale? Naye Dr. Muhammad Hamidullah, mwanachuoni aliyezaliwa Hyderabad, India, aliishi Paris kwa miongo kadhaa, na mwaka 1959 ikatoka tafsiri yake ya Qur'an kwa Kifaransa. Wengi waliokuwa hawajui hata herufi moja ya Kiarabu wameisoma Qur'an kwa njia hiyo.

Hapa kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti lake Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwahimiza Waislamu watafute elimu ya zama zao huku wakishikamana na dini yao. Marekebisho tunayoyalingania leo yana mizizi katika kalamu za watu kama hao, na hao hawakuwa watu wa kuogopa kitabu.

MAJIRANI ZETU WANAANDIKA KWA KIFARANSA

Sasa wapo wanaosema: "Sawa, si haramu. Lakini kina faida gani kwa mtoto wa Kwamsisi au Mombo? Atazungumza na nani?"

Mwenye kuuliza hivi ameisahau ramani. Watanzania tumezungukwa na Waislamu ambao karatasi zao zote zimeandikwa kwa Kifaransa. Upande wa bahari tuna Comoro, nchi ya Waislamu watupu, ndugu zetu wa damu na wa elimu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Leo Comoro ina lugha rasmi tatu: Kikomoro, Kiarabu na Kifaransa. Mtoto wa huko hupelekwa chuoni kusoma Qur'an akiwa mdogo, kisha huingia shule akasoma kwa Kifaransa, na Uislamu wake haukuyeyuka. Wanaodai kuwa Kiarabu na Kifaransa haviwezi kukaa katika kifua kimoja waende Moroni wakajionee.

Upande wa magharibi tuna Burundi, ambako Waislamu wa Buyenzi mjini Bujumbura wanazungumza Kiswahili kama sisi, lakini Kifaransa ni miongoni mwa lugha rasmi za nchi yao. Na tuna Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Uislamu ulifika Kasongo na Maniema katika karne ya 19 kwa misafara iliyotoka pwani yetu, na hadi leo Waislamu wa huko hutumia Kiswahili. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Congo ikajiunga mwaka 2022. Leo mtu wa Korogwe na mtu wa Kasongo wamo katika jumuiya moja.

Atasema mtu: "Kama wanajua Kiswahili, kitutoshe hicho." Kiswahili kinatosha sokoni na msikitini upande wa mashariki ya Congo. Hakitoshi Kinshasa, ambako wengi huzungumza Kilingala. Hakitoshi mahakamani, chuo kikuu, wala katika ofisi inayosajili msikiti na madrasa, kwa sababu lugha rasmi ya nchi ile ni Kifaransa. Dereva wa lori kutoka mkoa wetu anayevuka mpaka kuingia Congo hukutana na karatasi asizoweza kuzisoma, akamtegemea mtu wa kati amsomee. Mlinganiaji anayekwenda huko hupata msikiti uliojaa wazee wanaomwelewa, huku vijana waliosoma wakikaa na maswali yao ambayo yeye hana lugha ya kuyajibu.

Wengine hutoa hoja ya Rwanda, kwamba mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilikiacha Kifaransa kama lugha ya kufundishia na kushika Kiingereza. Ni kweli. Lakini Rwanda ilibadilisha lugha ya kufundishia. Kifaransa hakikufutwa nchini humo. Wala uamuzi wa Kigali haukubadili hata herufi moja katika vitabu vya Kinshasa, Bujumbura, Moroni, Dakar na Conakry. Hata hapa kwetu Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, hadi ilipofungwa mwaka 2015, iliendesha kazi zake kwa Kiingereza na Kifaransa. Kazi za ukalimani na tafsiri zilikuwepo katika ardhi yetu wenyewe. Tujiulize kwa unyofu: vijana wangapi waliotoka katika shule zetu za Kiislamu walikuwa tayari kuziomba?

WENGINE WALIJIFUNZA LUGHA ZETU

Tukumbuke pia jinsi wenzetu walivyofanya. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyetumwa Zanzibar na Bagamoyo katika karne ya 19, alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, kisha kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa Paris kuanzia mwaka 1939. Hadi leo mtafiti anayetaka kujua maana ya neno la kale la Kimvita au Kiamu hulazimika kuifungua kamusi iliyotungwa na padri. Na hapa hapa kwetu, wamisionari wa Kiingereza waliofika Magila, Korogwe na Handeni walijifunza hata Kizigua, wakatunga kamusi yake mwanzoni mwa karne ya 20.

Hawakuingiwa na hofu kuwa Kiswahili, lugha iliyojaa maneno ya dini yetu, kitawasilimisha. Waliiona lugha kuwa ni mlango wa nyumba za watu, nao wakataka kuingia. Wao kwa batili yao walikuwa na subira ya miaka. Sisi kwa haki tuliyo nayo tunashindwa kuvumilia vipindi vinne kwa wiki?

Wazee wetu walikuwa na sababu ya haki kuwaficha watoto wao na shule za misheni, kwa kuwa mtoto aliingia akiitwa Juma akatoka akiitwa John. Lakini leo shule ni yetu, bodi ni yetu, na mwalimu tunamwajiri sisi. Hofu iliyokuwa na maana mbele ya shule ya padri haina maana mbele ya shule iliyojengwa ubavuni mwa msikiti. Kubaki nayo ni kujinyima wenyewe kile tulichowahi kunyimwa na wengine.

KIBAO SI ELIMU

Baada ya kusema hayo, tuwageukie wenye shule, na hapa maneno yetu yatakuwa mazito zaidi, kwa kuwa akatazaye kwa kutojua ana udhuru, lakini achukuaye karo kwa kitu asichokitoa hana udhuru wowote.

Hali iliyoko ni ya kusikitisha. Shule inatangaza Kifaransa. Mzazi wa kijijini anauza mahindi yake au machungwa yake, analipa. Ukiingia ndani unakuta vipindi viwili kwa wiki, vimewekwa mchana wakati watoto wamechoka, mbele yao amesimama mtu aliyejifunza maneno machache alipokuwa akifanya kazi na watalii. Hakuna kitabu. Watoto wanaimba salamu, wanahesabu moja hadi kumi, na siku ya mahafali wanasimama mbele ya wageni wakasema "Bonjour". Watu wanapiga takbira. Mwaka unaofuata wanarudia salamu zile zile.

Tupige hesabu. Mwaka wa masomo katika nchi yetu una siku 194, sawa na wiki 39 hivi. Vipindi viwili vya dakika 40 kila wiki hufanya saa 52 kwa mwaka mzima, iwapo hakuna hata kipindi kimoja kilichopotea kwa mvua, ugonjwa au mikutano. Saa 52 ni kasoro ya siku mbili na robo. Kwa muda huo mtoto hawezi kujifunza lugha. Anaweza kujifunza kuidhani kuwa anaijua. Kisha anafika kidato cha pili, anafanya upimaji wa kitaifa, anachagua masomo ya kuendelea nayo, na Kifaransa kinaachwa kwa kuwa hakuna mwalimu wa kukifikisha kidato cha nne. Miaka ya mtoto imekwenda. Fedha ya mzazi imekwenda. Kibao kimebaki.

Kuna pia hadithi ya bomba la mafuta, ambayo imekuwa chambo. Ni kweli bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kupita katika wilaya zetu za Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, na mwenye hisa nyingi zaidi katika mradi huo ni kampuni ya Kifaransa, TotalEnergies. Kutokana na hapo baadhi ya watu wanawaambia wazazi: "Mtoto akijua Kifaransa, kazi ya bomba ni yake." Haya ni maneno ya kuuza. Fundi wa kuchomelea huulizwa juu ya uchomeleaji, na mhandisi huulizwa hisabati. Anayetaka mwanawe afanye kazi katika miradi ya namna hiyo amwekee kwanza msingi wa hisabati, sayansi na Kiingereza. Kifaransa kinaweza kumwongezea daraja mtu ambaye tayari ana fani. Hakimpi fani asiyekuwa nayo. Shule ya Kiislamu inayomdanganya mzazi ili kujaza madawati inamfanyia ghishi muumini mwenzake, na Mtume wetu (S.A.W.) alimkemea vikali muuza chakula sokoni aliyeuficha unyevu chini ya nafaka kavu. Tofauti ni ipi kati ya nafaka ile na kibao hiki?

KIARABU NDICHO NGAZI

Sasa tuseme namna linavyowezekana, kwani kulaumu bila kuonyesha njia si katika adabu ya kulingania.

Shule zetu zina mtaji ambao nyingine hazina, nao ni Kiarabu. Wengi wanadhani kuwa Kiarabu na Kifaransa vinagombania mtoto mmoja. Ukweli ni kwamba mtoto aliyefundishwa Kiarabu vizuri huingia katika Kifaransa akiwa amekwisha kuivuka mito mitatu inayowazamisha wengine.

Mto wa kwanza ni jinsia ya majina. Kiswahili kina ngeli, wala hakigawi vitu kwa uume na uke. Kifaransa hugawa. Mwanafunzi asiyejua Kiarabu hushangaa kuambiwa kuwa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume. Mwanafunzi wa madrasa hashangai, kwa kuwa amezoea mudhakari na muannathi. Atakachohitaji kujua ni kuwa mgawo wenyewe hutofautiana: kwa Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, na kwa Kifaransa ni kinyume chake. Mto wa pili ni kunyambua vitendo kwa kila nafsi. Aliyekalishwa chini akatasrifu kitendo cha Kiarabu katika wakati uliopita na uliopo ameshazoea kazi hiyo. Mto wa tatu ni matamshi. Ile "r" ya Kifaransa inayowashinda wengi inakaribiana sana na herufi ghain, na mtoto aliyefunzwa makharij hataisumbukia.

Hata msamiati una udugu. Sukari kwa Kifaransa ni "sucre", kutoka katika sukkar ya Waarabu. Pamba ni "coton", kutoka qutn. Tarakimu ni "chiffre", kutoka sifr, ambayo ndiyo sifuri yetu. Duka ni "magasin", kutoka makhazin. Mwalimu hodari atawaonyesha watoto haya katika wiki ya kwanza, nao wataona wenyewe kuwa Ulaya ilipokuwa ikihitaji elimu iliichukua kutoka kwa Waislamu, ikachukua na majina yake. Somo hilo moja litamjengea kijana heshima ya dini yake kuliko hotuba nyingi.

Kwa hiyo Kiarabu kitangulie, na kisipunguziwe hata kipindi kimoja kwa ajili ya Kifaransa. Shule ambayo Kiarabu chake ni cha kubahatisha isianze Kifaransa. Shule ambayo wanafunzi wake hawafuati masomo kwa sababu Kiingereza kimewashinda, nayo isianze Kifaransa. Si kila shule lazima ifanye kila kitu, na kungoja si aibu. Aibu ni kudai.

Kwa shule zilizo tayari, masharti ni haya. Mwalimu awe amekisomea Kifaransa chuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha somo hilo, na wahitimu wapo. Vipindi visipungue vinne kwa wiki. Somo lianze kidato cha kwanza likiwa na azma ya kufika mtihani wa Baraza la Mitihani kidato cha nne, ambako Kifaransa hutahiniwa kama Kiarabu kinavyotahiniwa. Na mwalimu asifungwe na vitabu vya kigeni ambavyo mazungumzo yake ni ya baa na mvinyo. Soko la Korogwe lina nyanya, mchele wa Mombo na nauli ya basi. Handeni ina mahindi, machungwa na ng'ombe. Mtoto aulize bei kwa Kifaransa, aeleze safari ya kwa bibi yake, aeleze namna anavyotawadha na kufunga. Mwenye kuweza kuieleza swala yake kwa Kifaransa ameanza kuwa mlinganiaji.

Itasemwa kuwa gharama ni kubwa. Kwa shule moja, ni kweli. Lakini kati ya Korogwe na Handeni pana barabara ya lami ya kilomita 65. Kinachozuia shule mbili au tatu kumwajiri mwalimu mmoja kwa pamoja, akakaa siku kadhaa huku na siku kadhaa kule, ni nini? Hakuna isipokuwa kila bodi kutaka kibao chake peke yake. Tumezoea kuchangia bati na saruji, kwa sababu bati linaonekana na mwenye kulitoa husifiwa. Mshahara wa mwalimu hauonekani, lakini ndio unaomfikia mtoto. Matajiri wetu waweke wakfu wa shamba au fremu ya duka, mapato yake yamlipe mwalimu wa lugha, na thawabu zake ziendelee kuwafikia wakiwa kaburini.

MASWALI MATATU

Ndugu zangu katika imani, shule hizi ni zenu. Msiziache mikononi mwa watu wawili watatu kisha mkalalamika barazani. Kila mzazi na kila mchangiaji aiulize bodi ya shule yake maswali matatu. Je, mwalimu wa Kifaransa amesomea wapi somo hilo? Je, ratiba ina vipindi vingapi, na je, Kiarabu kimepunguziwa? Je, ni wanafunzi wangapi wa shule hii watakaofanya mtihani wa Kifaransa kidato cha nne? Shule yenye majibu iungwe mkono kwa mali na kwa dua. Shule isiyo na majibu itakiwe kwa upole kulifuta neno hilo kibaoni na kuacha kutoza fedha kwa ajili yake, hadi hapo itakapokuwa na uwezo.

Na nyinyi mnaokataza, tunakuombeni mpande mimbarini kwa dalili, wala msimharimishie mtoto wa Kiislamu kile ambacho Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd mfano wake. Kama mnakiogopea Kiarabu, basi njooni mkifundishe. Shule nyingi zinawahitaji kuliko mnavyodhani.

Kijana mmoja wa Madina alijifunza maandishi ya wageni kwa amri ya Mtume wake, na Umma ukamwaminia Kitabu cha Mola wake. Watoto wa umri wake wamejaa katika madarasa ya Handeni na Korogwe. Kesho Siku ya Hesabu tutaulizwa muda wao tuliutumia katika nini.

Tunamwomba Allah awape walimu wetu ikhlasi, awape viongozi wa shule zetu hofu yake katika amana, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa duniani na Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.